Mbwa wa msako hana daktari: barua ya wazi kwa wakuu wa mifugo mkoani Tanga

Waheshimiwa wakuu wa mifugo wa mkoa na halmashauri zake, nakala kwa wenzenu wa Wizara,

Salamu, na poleni na majukumu. Naandika kutoka kusini ya Mto Pangani, huku tunakolima muhogo, mahindi na minazi, na shida yangu ni ya mbwa. Najua jambo hili likitajwa ofisini watu hutabasamu, na likitajwa barazani wengine hukunja kanzu. Lakini siwasemei mbwa wanaozurura sokoni. Nawasemea mbwa wa msako, wanaolala nasi dunguni mahindi yakianza kubeba, na wanaomsimamisha nguruwe pori kabla hajaifyeka ngwe nzima ya muhogo kwa usiku mmoja. Mbwa hawa wakiumia au wakiugua hawana pa kupelekwa. Hukutana na Serikali katika hali mbili tu: siku ya sindano ya kichaa, na siku mbwa wa mitaani wanapouawa kwa risasi au kwa sumu. Kati ya siku hizo mbili mbwa hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Niondoe kwanza lililo wazi. Uwindaji una sheria yake, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, una vibali vyake, na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wapo kuusimamia. Anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani na mbwa ana kesi yake, na mimi simtetei. Nazungumzia ulinzi wa shamba la kijiji dhidi ya nguruwe, nyani na ngedere, na anayeidharau kazi hiyo namkaribisha alale dunguni usiku mmoja mwezi wa sita. Isitoshe, kichaa hakimuulizi mbwa kama mwenyewe ana kibali.

Wapo pia watakaosema pwani hii ni ya Waislamu na mbwa ni najisi, basi tunadai nini. Hilo wazee wetu walilimaliza zamani. Surat al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la wanyama waliofundishwa kuwinda, na mafundisho ya Mtume yanamruhusu mtu kuweka mbwa wa kuwindia, wa mifugo au wa shamba. Mate yake tunayaosha, na kazi yake tunaijua. Nguruwe mwenyewe hatumli. Wanaomla wapo, na hayo si ya barua hii. Tena Pangani ni mji unaojua mahali pa mbwa ni wapi. Agosti 1888 Emil von Zelewski, mtu wa kampuni ya Kijerumani, aliingia msikitini hapa na viatu vyake na mbwa wake wa kuwindia, na hilo likawa moja ya mambo yaliyouwasha mji. Vita ya Abushiri bin Salim iliyofuata ilienea pwani yote, na mwenyewe akanyongwa hapa hapa Pangani Desemba 1889. Mbwa yule hakuwa na kosa. Aliyekosea ni aliyemwingiza.

Sasa nije kwenye majeraha, maana ndiyo yanayotuumiza zaidi.

Nguruwe pori akibanwa kichakani hakimbii, hugeuka. Meno yake ya chini husagana na ya juu kila anapofunga mdomo, kwa hiyo hayaishi makali, naye hupiga kwa kuinua kichwa. Ndiyo maana mbwa wetu hawaumii mgongoni. Huchanwa tumbo, kifua, na ndani ya paja pale penye mshipa mkubwa wa damu. Na anayeumia ni yule hodari. Mwoga hubweka kwa mbali akarudi nyumbani mzima, akala chakula cha mwenzake. Kwa hiyo kila msimu hutupunguzia mbwa wazuri na kutuachia wabwekaji.

Jirani yangu alikuwa na jike aitwaye Subira. (Mbwa wa kwetu hupewa majina ya mafumbo, ili jirani mgomvi asikie kila unapomwita.) Subira alichanwa tumbo, utumbo ukatoka kiasi cha kiganja. Mwenye akili miongoni mwetu alimfunika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakataza watu wasiurudishe ndani kwa vidole. Afisa mifugo alipigiwa simu, na kusema kweli alikuja upesi, kwa mafuta aliyonunua mwenyewe. Kwenye mkoba wake mlikuwa na sindano ya antibayotiki, dawa ya minyoo ya mbuzi na dawa ya kupaka kwato. Ganzi hakuwa nayo, wala uzi wa kushonea, na hakuwahi kufundishwa kufungua wala kufunga tumbo la mbwa. Alituambia hivyo waziwazi, nikamheshimu kwa ukweli wake. Basi mbwa alifungwa mdomo kwa kamba, akashonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki na mtu anayeshona matanga. Hakufika Ijumaa.

Mtaniuliza kwa nini hakupelekwa mjini. Tanga Mjini wapo madaktari wa mifugo wanaomjua mbwa vizuri, na siwalaumu. Wateja wao wengi ni mbwa wa kulinda nyumba, ambao huteremshwa kwenye gari. Mbwa wetu anaanza kwa bodaboda anayekataa kumpakia, au anayekubali kwa nauli ya watu watatu. Hutiwa ndani ya tenga, hufunikwa khanga, hufikishwa kivukoni. Kwenye kivuko abiria hujitenga naye, jambo ambalo angalau humpa mgonjwa hewa. Kisha inabaki safari ya kwenda Tanga, na konda wa gari ya abiria hana haja ya kueleza kwa nini hapandishi mbwa anayevuja damu. Aliyepasuka mshipa wa paja hafiki hata kivukoni.

Kinachotakiwa kwa majeraha mengi kati ya haya si hospitali ya ghorofa. Ni maji safi ya kusafishia, ganzi, uzi wa kushonea, antibayotiki kwa kipimo cha mbwa, na mikono iliyofundishwa, ndani ya saa chache. Tumbo lililotoboka utumbo au kifua kinachovuta hewa ni kazi ya daktari kamili, sibishi. Lakini nyama iliyochanika pajani au begani haihitaji kuvuka mto.

Kwa kuwa hakuna wa kutuhudumia, tunajihudumia, na hapo ndipo tunapowaua mbwa ambao nguruwe aliwaacha hai. Mtu huingia duka la dawa za mifugo akasema mbwa anaumwa. Swali la kwanza analoulizwa ni, "Una ng'ombe wangapi?" Chukueni dawa ya nagana (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o), ule unga wa njano wa diminazini. Pakiti ya kawaida ya gramu 2.36 imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa msako wa huku kwetu ana kama kilo 15 akiwa ameshiba. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya pakiti, na dukani hakuna anayekugawia sehemu moja ya ishirini. Watu hukadiria kwa ncha ya kisu. Dawa hii kwa mbwa ina nafasi ndogo sana kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru. Ikizidi hupiga ubongo, mbwa huyumba, hupinda shingo, hutupa miguu, hufa. Sisi tunarudi nyumbani tukisema ugonjwa ulimzidi.

Aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, nayo ni hivyo hivyo. Ile ya sindano ya ng'ombe ina miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe hupewa mililita moja kwa kilo 50. Ukikokotoa kwa uwiano huo huo, mbwa wa kilo 15 anaangukia mililita 0.3, na bomba la sindano la ng'ombe halina hata alama ya kuonyesha kiasi hicho. Dawa ya josho humwagwa mgongoni kwa kukisia. Na mbaya kuliko zote kwa maoni yangu ni diklofenaki, kwa sababu hutolewa kwa huruma. Mtu ana vidonge vyake vya mgongo, anaona mbwa anachechemea, anampa kimoja ndani ya ugali. Diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Hakuna aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa kijiji akatuambia hilo, ingawa mikutano ya mbolea na mbegu tumeketishwa mpaka tumesinzia.

Nimetaja nagana, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndilo eneo ambalo mkoa huu hauna udhuru. Mbung'o wa Mkwaja si hadithi. Ranchi kubwa ya ng'ombe iliyoanzishwa pale miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ilifungwa mwaka 2000, na mbung'o walikuwa miongoni mwa yaliyoishinda. Ardhi yake sasa ni sehemu ya Saadani. Mbwa anayefuata windo kwenye vichaka vya ukanda huo huumwa na mbung'o wale wale. Kwa mbwa ugonjwa huu hauendi polepole kama unavyoweza kwenda kwa ng'ombe. Homa humpanda, uso huvimba, ufizi hupauka, na jicho huingia ukungu wa buluu na mweupe. Hapo ndipo tunapopotea. Mwenye mbwa akiona jicho lile husema ametemewa na swila, humwosha kwa maziwa, na wiki zinapita. Wapo wanaosema karogwa. Tone moja la damu chini ya hadubini lingemaliza ubishi wote.

Na hadubini ziko Tanga. Taasisi ya utafiti wa wadudu waenezao magonjwa, iliyo chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari, iko mjini kwetu. Hapo hapo ndipo walipozalishwa mbung'o madume kwa mamilioni, wakahasiwa kwa mionzi, wakapelekwa kwa ndege kumwagwa juu ya Unguja kuanzia 1994, hata mbung'o wa mwisho wa kisiwa akaonekana 1996. Dunia nzima inaitaja kazi ile. Unguja ilisafishwa kwa mbung'o waliolelewa Tanga, na mbwa wa Tanga anakufa na nagana kwa kuwa hakuna aliyepaka damu yake kwenye kioo. Afisa wa kata akipewa kasha la vioo na akafundishwa kupaka na kukausha, kioo kitasafiri na abiria yeyote bila kuoza, na jibu litarudi kwa simu. Gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kulijadili.

Kuhusu kichaa cha mbwa, nyinyi mnakijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawahubiria. Inakadiriwa huua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dunia imejiwekea lengo la kuvimaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Mnajua pia kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa maambukizi hukatika. Ninachotaka kusema ni namna siku ya chanjo inavyopangwa. Gari la matangazo hupita jioni, chanjo ni kesho asubuhi shuleni, mwisho saa sita. Wanaokuja ni watoto na mbwa wa uani. Mbwa wa msako saa hizo yuko shamba la mbali, au amelala baada ya kukesha, na hata akiwapo hakubali kuburutwa kwa kamba na mtoto katikati ya mbwa hamsini wasiomjua. Matokeo yake ni kwamba anayegombana na wanyama wa porini kila wiki, aliye wa kwanza kukutana na mbweha mgonjwa, ndiye anayekosa sindano. Njooni mashambani. Njooni jioni. Msiseme barafu haitafika: utafiti uliochapishwa 2016, uliofanywa na watu wakiwamo wataalamu wa hapa Tanzania, ulionyesha kwamba chanjo mojawapo inayotumika sana hubaki na nguvu yake miezi sita katika joto la nyuzi 25, na miezi mitatu katika nyuzi 30. Siku moja ndani ya kasha, kivulini, haiiharibu.

Na huu mtindo wa kuua mbwa kichaa kinapozuka, naomba uachwe. Sumu haichagui. Humaliza waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, kisha watu huleta mbwa wapya wasio na chanjo kujaza pengo, na asilimia mliyoihangaikia inaporomoka. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo miaka mingi. Mbwa wa msako akiwa na kadi na utepe shingoni, angalau anayelenga bunduki atajua anamlenga nani.

Ndugu zetu wa hifadhi nao wana sababu ya kutuunga mkono. Mwaka 1994 homa ya mbwa iitwayo distempa iliingia kwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja ya simba wale, kama elfu moja, wakafa. Chanzo kilichotajwa ni mbwa wa vijijini. Saadani ina simba, na vijiji vinaipakana. Sindano inayomkinga mbwa wangu ni ulinzi kwa simba wao.

Tunachoomba kinaweza kuanza bila jengo jipya. Kila kata iliyo kando ya misitu na hifadhi ipewe siku moja kwa mwezi ya mbwa wa kazi, kwenye josho au uwanja wa mnada, siku inayojulikana na isiyohamishwa. Maafisa mifugo wa kata hizo wapelekwe kwa muda mfupi kufundishwa ganzi na kushona. Chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapa hapa Tanga, na Baraza la Veterinari liseme kwa maandishi afisa wa ngazi ile anaruhusiwa kugusa nini na kuacha nini chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, asije akashtakiwa kwa kuokoa. Maduka ya dawa yabandikiwe karatasi moja ya Kiswahili yenye vipimo kwa kilo za mbwa, na chini yake, kwa herufi kubwa, dawa ambazo mbwa hapewi kabisa. Vioo vya damu nimeshavisema. Chanjo ifuate kalenda yetu ya shamba, si kalenda ya robo mwaka ya ofisi.

Najua jibu litakalokuja: bajeti ya ng'ombe yenyewe haitoshi. Lakini afisa huyo huyo anapita kijijini kwa pikipiki hiyo hiyo kuchanja kuku na mbuzi, na mbwa wamelala pale pale uani wakimtazama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo haikumtoa mbwa. Zaidi ya hayo, gunia la mahindi mnalolitoza ushuru getini lililindwa usiku na mnyama ambaye hamjamwandika popote.

Hatuombi bure. Pangeni bei ya kushona na ya sindano, ibandikwe ofisi ya kata tuijue wote, tutalipa. Mbwa aliyefundishwa ni wa miaka, na kumpata mwingine si suala la kumwokota jalalani. Tutawafunga midomo wenyewe kabla mtaalamu hajawagusa. Orodha ya mbwa wa kazi tutaiandika sisi kwa msaada wa wenyeviti wa vitongoji, jina la mbwa na la mwenyewe, umri, chanjo. Na madume yasiyo na kazi tuko tayari yahasiwe siku hiyo hiyo, maana hata sisi tumechoka na vijibwa vinavyozaliwa kila msimu vikaishia barabarani.

Mahindi ya masika hubeba kuanzia mwezi wa tano. Tunaomba siku ya kwanza itangazwe kabla ya hapo, kwa barua kwa watendaji wa vijiji na kwa mbiu ya mgambo, angalau wiki moja mbele, ili walio dunguni wapate kushuka na mbwa wao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na msasi,
kusini ya Mto Pangani